Bata wa Kilemba na Dume la Kichwa Wazi

Mpaka leo nikishika bata, awe wangu au wa jirani, kidole gumba changu hutangulia kichwani kwake kabla sijatazama miguu wala mabawa. Wajukuu hunicheka. Husema bibi anampima bata homa. Nawaacha wacheke. Kidole hiki kilijifunza kazi hiyo Ngamiani, Tanga, miaka ya hamsini, katika mwaka mmoja ambao nusura nimpoteze mdogo wangu wa mwisho kwa sababu ya uzuri wa bata.

Tulikuwa watatu. Mimi mkubwa, mwenye miaka kumi na saba. Nyuma yangu mdogo wangu wa kiume, wa miaka kumi na miwili, ambaye tumbo lake lilikuwa halina mlango. Na kitinda mimba, binti wa miaka saba, mwenye kusema kila kilichomjia kinywani. Mama alifariki kwanza, na baba hakumaliza mwaka. Mimi nilikuwa nimeshatoka shule siku nyingi, tangu mama alipoanza kuugua, nikiwa darasa la nne. Nilichotoka nacho ni kusoma, kuandika na kushika sindano, maana mwalimu wetu alikuwa mkali wa mshono kuliko wa hesabu.

Baba alituachia nyumba ya udongo yenye ua mpana na bata watatu. Alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, na mpishi wa meli moja, aliyechoka kuwafuga kwenye sitaha, akampa: dume mmoja na majike wawili, weupe pe, na juu ya utosi wa kila mmoja shungi la manyoya la duara, kama vile mtu amewafunga vilemba kwa haraka akasahau kukaza. Mtaani walikuwa hawajaonekana bata wa namna hiyo. Watu wakipita uani kwetu walisimama. Watoto wakawaita bata wa kilemba, na jina likaganda.

Mwanzoni nilikuwa sina mpango nao. Nilikaanga vitumbua asubuhi, nikasuka ukili wa mikeka mchana, na bata nikawalisha machicha ya nazi na pumba. Mpango ulianza siku shangazi alipokuja.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa Pemba, kwenye mashamba ya karafuu. Alikuja Tanga kwa Maulidi, akakaa nasi siku nne. Siku ya tatu alifunua sufuria, akakuta muhogo wa chumvi. Kitinda mimba, bila kuulizwa, akamwambia, "Hata jana, shangazi. Hata juzi. Leo una chumvi zaidi."

Shangazi hakucheka. Aliniita ukumbini.

"Mwanangu, sikulaumu. Lakini huyu mdogo nimchukue mimi. Kwangu kuna wali, kuna samaki, kuna watoto wenzake."

"Shangazi, tukigawanyika leo, hatutakutana tena isipokuwa kwenye matanga."

"Usiniletee matanga. Nakuuliza chakula."

"Nipe mwaka mmoja."

Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mkono mzito na moyo mwepesi, na nadhani alitaka kunikatalia akashindwa. "Maulidi kwa Maulidi," akasema. "Nitarudi. Nikikuta nyumba hii ina kazi ya kuilisha, kazi ya kueleweka, siyo vitumbua vya kubahatisha, nitamwacha. Nikikuta muhogo, ataondoka nami, na wewe utamfungia nguo zake kwa mkono wako. Tumepatana?"

Nikasema tumepatana.

Kazi ya kueleweka nilikuwa naijua. Nilitaka cherehani. Barabara ya pili kutoka kwetu palikuwa na fundi mzee, mshona kanzu na kofia, aliyefanya kazi barazani kwake mbele ya watu. Alikuwa amepata cherehani ya miguu, na ile yake ya zamani ya mkono ilikaa pembeni, imefunikwa kitambaa kama maiti ya mtoto. Kila nilipopita na sinia la vitumbua niliitupia jicho.

Nilikwenda kumwuliza kama angeniazima. Kabla sijafungua kinywa akaniuliza yeye.

"Wewe si ndiye mwenye bata wa kilemba?"

"Ndiye mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nimeshona kofia tangu sijaota ndevu, na sijaona kofia iliyoota yenyewe kichwani. Jana nilisimama kwenye ua wenu mpaka chai yangu ikapoa. Nataka bata wale."

"Watatu tu, babu, na ni wa baba."

"Sikwambii uniuzie hao. Zalisha. Niletee wanane, majike sita na madume wawili, wote wana vilemba, wote wazima, kabla ya Maulidi ijayo. Cherehani ile chukua iwe yako."

Nilidhani ananitania. Akainua kitambaa, akazungusha mkono wa cherehani mara moja, ukalia kama panzi. Hakuwa anatania.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Bata wanane! Majike wangu wawili walikuwa wakitaga karibu kila siku. Nilihesabu kwa vidole nikaona kabla ya miezi mitatu nitakuwa nashona, na miezi mingine yote nitakuwa nimekaa tu namsubiri shangazi nimwonyeshe.

Bata wale hawakujua kuatamia. Walitaga popote, wakaondoka kama watu waliosahau mzigo kwenye gari. Kwa hiyo tulifanya kama wenzetu wote: mayai ya bata chini ya kuku. Nilimpata mama kuku mtulivu, nikamwekea mayai kumi na mawili kwenye kapu lenye mchanga na majani makavu. Kuku amezoea siku ishirini na moja. Ya bata huchukua ishirini na nane, na wiki ile ya mwisho ilibidi nimbembeleze kwa chenga za mchele asikate tamaa. Kila siku niliyanyunyizia mayai maji kidogo kwa vidole, kwa kuwa bata mwenyewe hurudi kwenye kiota akiwa amelowa.

Walitoka tisa. Mayai matatu yalibaki kimya. Niliyapasua nikakuta vifaranga ndani, wakubwa, wamekamilika miguu na midomo, wamekufa. Nikasema ni bahati ya kwanza. Katika wale tisa, sita walikuwa na kishungi kidogo kichwani, kama pamba iliyobandikwa, na watatu walikuwa vichwa wazi.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea peke yangu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi mmoja wa Kidigo, msusi wa mikeka, aliyetusaidia mengi tangu msiba. Alikuja kuona vifaranga, akaketi juu ya kinu, akatoa hukumu.

"Hawa wenye vilemba watenge. Wasichanganyike na hawa."

"Kwa nini, bibi?"

"Bata wa kilemba ni watu wa heshima. Wewe umeona wapi mtoto wa watu akaozwa kwa asiye kufu yake? Ukiwaacha wachangamane, mwakani utakuwa na bata wa ovyo tu, kama wa sokoni. Kilemba kwa kilemba."

Niliona ni maneno ya akili. Pwani yetu binti haozwi mpaka wazee wakae wapime: huyu kijana kufu yetu, au siyo? Ukoo wake, baba yake, babu yake? Kama watu wanapimwa hivyo, nikasema, bata watashindikanaje? Nikachukua mabanzi na chane za makuti, nikaugawanya ua mara mbili. Upande mmoja wenye vilemba, wana karai la maji. Upande wa pili vichwa wazi, wakinenepeshwa kwa ajili ya sufuria.

Wawili kati ya wale vichwa wazi tuliwala walipokua. Wa tatu, jike, alinusurika kwa kuwa kitinda mimba alilala juu yake. Sisemi kwa mfano. Alilala kifudifudi uani, bata yuko chini ya kifua chake, akapiga kelele mpaka bibi jirani akatoka na mwiko.

"Huyu ni wangu! Mle kuku!"

"Kuku ana kazi," mdogo wangu wa kiume akamwambia. "Bata wako ana kazi gani?"

"Ni rafiki yangu. Wewe una kazi gani?"

Tukamwacha. Nilimwona bata yule kama gharama ya amani nyumbani.

Wale sita wenye vilemba, wawili walianza kunitia wasiwasi mapema. Mmoja alikuwa akitembea anapinda shingo, anazunguka palepale kama anatafuta mkia wake, kisha anaanguka chali, miguu juu, akiogelea hewani. Nikimsimamisha, huenda hatua tatu, akaanguka tena. Alikufa kabla manyoya hayajakamilika. Mwingine alitetemeka kichwa kila aliposhtuka, na pale kwetu, nyumba ya watoto, kushtuka hakukuwa na mwisho. Bibi jirani akasema ni kijicho, watu wamewatazama mno. Tukafukiza ubani. Tukamfunga bata mtetemekaji uzi mweusi shingoni. Mwenzake akauvuta uzi akaumeza, naye akaendelea vizuri tu. Yule wa kutetemeka naye akafa, bila uzi.

Wanne waliobaki walionekana wazima. Nilichagua watatu wenye vilemba vikubwa kuliko wote, vile vinavyoyumba upande kama kilemba cha bwana harusi, nikampelekea fundi ili aone kazi inaendelea. Dume mmoja, majike wawili. Alifurahi mpaka akaacha kanzu ya mtu kwenye sindano. Aliwachimbia kidimbwi uani, na mchana aliwaacha wajitembeze mbele ya baraza.

Siku ya nane, Ijumaa, watu wamejaa barazani wakisubiri kanzu zao kabla ya kwenda msikitini, dume lile likapinda shingo, likazunguka mara mbili tatu, likaanguka chali katikati ya watu, likapiga miguu mbinguni.

"Fundi!" mmoja akasema. "Bata wako amelewa, na leo Ijumaa!"

"Mvue kilemba, kimemzidi uzito!"

"Ndiyo maana kanzu yangu ina mkono mmoja mrefu. Fundi anashona na walevi."

Hayo nilisimuliwa na mdogo wangu, aliyekuwa pale kwa sababu mahali penye vicheko hakosekani. Dume lilikufa alasiri. Kesho yake jike mmoja alirudisha kichwa nyuma akiwa ndani ya kidimbwi, akashindwa kukirejesha, akafa maji, bata, katika maji ya kufika magotini.

Fundi alikuja kwetu mwenyewe, amembeba jike aliyebaki ndani ya kikapu. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kwangu angepaza.

"Mwanangu, nilitaka pambo, umeniletea wagonjwa. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Cherehani iko palepale. Lakini sharti langu ulilisikia: wazima."

"Nimelisikia, babu."

"Basi huyu mpumzishe."

Miezi ilikuwa imekwenda. Niliweka mayai mara nyingine, kilemba kwa kilemba, nikapata kama mara ya kwanza au vibaya zaidi. Yule jike aliyerudishwa alipoanza kuanguka, nilimwomba mwanamume wa jirani amchinje, nikaketi kumnyonyoa. Nilipofika kichwani, kidole gumba changu kikazama.

Nilishtuka nikakitoa. Nikakirudisha polepole. Chini ya shungi mfupa haukukutana. Palikuwa na tundu, na ndani ya tundu mafuta laini, na shungi limekaa juu yake kama kawa isiyoenea chungu. Niliujua ulaini ule. Nilikuwa nimeushika miaka saba nyuma, mama aliponipa kitinda mimba akiwa mchanga wa siku mbili, akaniambia, hapa kwenye utosi usiguse, hapajafunga. Mtoto hufunga. Bata wale walikuwa wamekua na utosi wazi.

Nikatoka na mikono yenye manyoya, nikamshika kichwa kila bata mwenye kilemba pale uani. Wote walikuwa na uwazi. Kwa mwingine mdogo, ncha ya kidole haiingii. Kwa mwingine, hasa wenye mashungi makubwa yanayoyumba, mpana. Ndipo nikaelewa kwamba nilimchagulia fundi wabovu kuliko wote kwa kuwa ndio waliokuwa wazuri kuliko wote.

Kuelewa hivyo hakukunisaidia kitu. Bado kila nilipoweka mayai, mengine yalifia ndani, na Maulidi ilikuwa inakuja. Usiku nilianza kukunja nguo za kitinda mimba akilini: gauni la bluu, gauni la kijani, kanga ya mama iliyokatwa.

Nilimwekea kuku mayai kumi na mawili mengine, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya. Siku ya kumi niliyaingiza stoo, mchana, nikafunga mlango, nikayapima mbele ya koroboi kuona yenye mishipa na yasiyo nayo. Nikaona sita yana alama ya masizi, doa dogo jeusi kwenye ncha. Nikadhani kuku amelalia jivu. Nikayarudisha.

Siku ya ishirini na nane, yale sita yenye masizi yakapasuka yote. Yote sita! Vifaranga sita wamesimama, wanapiga kelele, na watatu kati yao wana vishungi. Katika yale sita meupe, mawili hayakupasuka, na mmoja wa waliotoka alianza kuzunguka siku ya pili.

Nilikaa chini uani nikiwa na maganda mkononi, yenye masizi upande huu, meupe upande ule. Kisha nikaita.

"Nani amepaka mayai yangu masizi?"

Mdogo wangu wa kiume ghafla akakumbuka ana kazi nje.

"Wewe, simama hapo. Nani?"

"Si mimi," akasema. "Mimi nilikula tu."

"Ulikula nini?"

Kitinda mimba akajitokeza mwenyewe, mikono kiunoni. "Nilitoa sita yako siku ileile nikaweka sita ya bata wangu. Bata wangu ametaga nawe hutaki kumwekea kuku! Nikayapaka masizi nijue watoto wake. Na yako nilimpa yeye akayakaanga ili asiseme."

"Nilikaanga na kitunguu," mdogo wangu akasema, kana kwamba hilo lingenituliza.

"Bata wako amepata wapi dume? Si nimewatenga?"

"Dume linaruka ukuta wako kila siku asubuhi. Wewe uko kwenye vitumbua."

Nilitakiwa nimchape. Nilimkumbatia mpaka akalalamika namminya. Dume lenye kilemba na jike kichwa wazi: mayai sita, watoto sita, nusu yao wana vilemba, na nilipowapima kwa kidole uwazi wao ulikuwa mdogo. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nawalisha vichwa wazi ili tuwatie kwenye mchuzi!

Siku ileile nilibomoa ule ukuta wa makuti. Bibi jirani alikuja akasimama na kichane cha ukili mkononi.

"Unawachanganya?"

"Nawachanganya, bibi."

"Na kufu?"

"Kufu yao ni huyu hapa," nikamwonyesha yule jike wa kitinda mimba, aliyekuwa akila konokono bila habari na sisi.

"Haya," akasema bibi. "Mabata yako." Lakini kesho yake aliniletea jike kichwa wazi wake mwenyewe, mweupe, anayelia sauti ileile kama wa kwetu, akasema anamkopesha, amechoka na kelele zake.

Kwa majike wale wawili niliweka mayai chini ya kuku wawili. Sitasema hakuna aliyekufa. Yai moja lilikuwa bovu, na kifaranga mmoja mwenye kishungi alitetemeka nikajua hatadumu. Shungi ni shungi. Palipo na uwazi huo hatari haiishi, hupungua tu. Lakini wiki mbili kabla ya Maulidi nilikuwa na wanane wenye vilemba, wanaotembea sawasawa, wanaoogelea na kutoka majini kwa miguu yao. Majike sita, madume wawili. Hesabu ya fundi haswa.

Na hapo ndipo usingizi ulipokatika kabisa. Nilijua nikimpa wanane wale, atawaacha wazaane wenyewe kwa wenyewe. Miezi ya mbele atapasua mayai akute waliokufa, atawaona wengine wakianguka barazani tena. Wakati huo cherehani ingekuwa kwangu na shangazi angekuwa amesharudi Pemba. Nikimwambia ukweli, anaweza kukataa: alitaka wanane wenye vilemba, hakutaka elimu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na ushauri wake. "Mpe anyamaze, nawe unyamaze." Kitinda mimba, ambaye nguo zake ndizo zilizokuwa zinakunjwa, akasema, "Lakini wataanguka tena, na watu watamcheka tena fundi."

Nilimpelekea fundi majike sita wenye vilemba ndani ya matenga mawili, na katika tenga la tatu madume wawili. Vichwa wazi.

Alihesabu. Akatazama tenga la tatu.

"Hawa ni nani?"

"Waume zao, babu."

"Mimi niliagiza madume wa kilemba. Huyu nimweke uani kwangu, kichwa wazi kama mkaidi?"

"Wa kilemba ninao, wawili, nyumbani. Ukiwataka leo hii nakuletea. Lakini nikikupa hao utafurahi msimu mmoja. Kilemba kwa kilemba wanazaa maiti, babu. Wengine ndani ya yai, wengine barazani kwako, Ijumaa."

Nikamweleza yote: utosi, masizi, mayai ya kukaanga. Nikamshika kidole gumba, mzee wa watu, nikakiweka kichwani kwa jike mmoja, kisha kichwani kwa dume. Akapapasa kwa muda, macho yamefumba, kama anavyopapasa kitambaa kujua kimefumwa wapi.

"Na watoto wao?"

"Nusu watakuwa na vilemba, nusu hawatakuwa navyo. Hao wasio navyo usiwale wote kama nilivyofanya mimi."

"Usingeniambia, mimi ningejuaje?"

"Usingejua. Ungesema kijicho."

Akamwita mwanawe, akamwambia achukue ile cherehani ya mkono aifute vumbi, na atie mafuta, na asisahau kuweka na mkasi mdogo. Mimi akaniambia tu, "Hao madume nitawashonea mimi." Nikadhani ni maneno. Ijumaa ile nilipopita, dume mmoja alikuwa amevalishwa kofia ya vipande vya kitambaa cha kanzu, imefungwa kwa uzi chini ya kidevu, kama bata ana kidevu. Ilidumu mpaka alipofika kidimbwini.

Miaka mingi baadaye, bwana mifugo mmoja alinieleza kile nilichokuwa nimekiona bila kukijua. Shungi lile bata hulirithi kwa mzazi mmoja, au kwa wote wawili. Akilipata kwa mmoja, huota shungi na kuishi na ule uwazi wa fuvu, mwingine vizuri, mwingine kwa taabu. Akilipata kwa wote wawili, ubongo hukosa pa kukaa, na kifaranga hufia ndani ya yai. Alishangaa kwamba nilijua ni yupi wa kumchanganya na yupi. Nilimwambia nilifundishwa na mtoto wa miaka saba na mlafi wa miaka kumi na miwili.

Shangazi alishuka melini siku mbili kabla ya Maulidi. Aliingia, akavua viatu, na kabla ya salamu kwisha alikuwa ameshafunua sufuria. Wali wa nazi. Akafunua ya pili. Samaki wa kupaka. Akageuka akaiona cherehani juu ya meza ya baba, na kitambaa cha mtu kikiwa nusu, na kingine kimekunjwa kinasubiri.

"Ya nani?"

"Yangu, shangazi."

"Umeazima?"

"Yangu."

Akaketi. Akazungusha mkono wa cherehani mara moja, ukalia. Kitinda mimba alikuwa amesimama mlangoni amevaa gauni jipya, kitu cha kwanza nilichokishona, bega moja limepanda juu. Shangazi akamtazama, akanitazama, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Bega hilo umelipindisha," akasema.

"Najua, shangazi."

"Basi abaki. Akae na bega lake." Halafu, baada ya kumaliza sahani mbili, "Lakini mimi nimewaaga watu wote kule kwamba narudi na mtoto. Nitashukaje mikono mitupu?"

"Chukua bata," nikasema.

Alikwenda uani mwenyewe, akachagua haraka kama anayechagua kitenge: katika wale madume wawili wa kilemba waliobaki, mmoja, na katika majike wa baba, yule mwenye shungi la kuyumba. Kitinda mimba akaingia katikati.

"Hao hawaoani, shangazi."

"We mtoto, nani amekufundisha mambo ya ndoa?"

"Wote wana vilemba. Chukua mmoja wa kilemba na mmoja wa kichwa wazi."

Shangazi akanigeukia. "Ndivyo mnavyowaoza watu Tanga siku hizi?"

"Kwa bata tu, shangazi," nikamwambia. "Watu bado tunapima."

Aliondoka na kikapu chenye vichwa viwili vimechungulia nje, kimoja kimefungwa kilemba, kingine wazi, na abiria wenzake wakaanza kumwuliza maswali hata kabla hajakanyaga ngazi ya meli. Kitinda mimba alimpungia mkono tukiwa gatini, amenishika kanga.

Barua ilikuja miezi mingi baadaye, kwa mkono wa msafiri. Mimi nilikuwa naunga mkono wa kanzu, sikutaka kuacha mshono, kwa hiyo nilimpa kitinda mimba aisome. Wakati huo alikuwa ameanza shule, na alisoma kwa sauti, akiburuta kidole, huku mimi nikizungusha cherehani polepole ili nimsikie. Shangazi alisalimu wote, alisema karafuu zimeitika, mavuno ni mengi, na vifaranga wametoka tisa, wanne wana vilemba na watano hawana, wote wanatembea. Anauliza: wale watano, awaoze nani?

"Nimjibu mimi?" kitinda mimba akasema, na alikuwa ameshachukua kalamu.